Mama si mchawi, ni mgonjwa: Yale ambayo mishipa ya jicho yaweza kutuambia kuhusu ubongo

Msomaji, huenda wewe unaishi Mombasa au Nairobi na mzazi wako amebaki nyumbani mashambani. Kila mwisho wa mwezi unamtumia pesa kwa simu, na kila Jumapili unampigia kumjulia hali. Kisha siku moja ndugu yako anakuambia kwa sauti ya chini, "Mama amebadilika." Usiku anatoka nje peke yake. Asubuhi moja alikutwa amesimama katika boma la jirani, na hakuweza kueleza alifikaje huko. Mjukuu wake anamwita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Je, utafanya nini?

Swali hili si la mchezo. Katika sehemu fulani za nchi yetu, jibu lake laweza kumwokoa mzee au kumtia kaburini. Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa wa kusahau, na juu ya kiungo ambacho wengi hawakifikirii wanapoutaja ugonjwa huu. Kiungo hicho ni jicho.

WALIKUJA KUTAFUTA MIWANI

Si zamani sana alikuja katika kliniki yangu kijana mmoja anayefanya kazi Mombasa. Alikuwa amemleta mama yake, mwenye umri wa miaka sabini na ushei, kutoka Vitengeni, upande wa bara wa msitu wa Arabuko-Sokoke, katika eneo la Ganze, Kaunti ya Kilifi. Kijana alisema kwamba shida ni macho. Mama haoni vizuri, anajikwaa, na pengine akipata miwani mambo yatakuwa sawa.

Nilimwamkia mama shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa uchangamfu. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamjibu. Baada ya muda mfupi akaniuliza tena, nami nikamjibu tena. Alipouliza mara ya tatu, mwanawe aliinamisha kichwa.

Nilimpima presha nikapata 190 juu ya 110. Jicho la kulia lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho, na hapakuwa na njia ya kuona ndani. La kushoto lilikuwa safi kiasi. Nilitia matone ya dawa ya kupanua mboni, tukangoja, nikazima taa, kisha nikachungulia kwa kile kifaa kidogo chenye kurunzi ambacho kila daktari hufundishwa kukitumia. Mishipa ya ateri ilikuwa imekonda na kung'aa kama waya wa shaba. Mahali ilipopishana na mishipa ya vena, vena zilikuwa zimebanwa kama mpira wa maji uliokanyagwa. Hapa na pale palikuwa na matone madogo ya damu iliyovuja.

Nilimweleza yule kijana kwamba mishipa ya namna hiyo haiharibiki kwa wiki moja. Mama alikuwa ameishi na presha kwa miaka mingi bila kutibiwa. Kijana alinyamaza, kisha akamwomba mama atangulie nje akapunge upepo. Mlango ulipofungwa ndipo aliponiambia lililomleta hasa.

"Daktari, huko nyumbani wanasema mama anatembea usiku kwa sababu ya utsai."

Utsai ndilo neno la Kigiriama la uchawi. Mama alikuwa amemshutumu jirani kwamba amemwibia pesa zake za Inua Jamii, zile Sh2,000 za mwezi ambazo serikali huwapa wazee. Pesa zenyewe zilikuja kupatikana ndani ya debe la mahindi alikozificha yeye mwenyewe. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Muda mfupi baadaye mtoto wa jirani huyo aliugua, na watu wakaanza kuunganisha mambo.

"Nataka karatasi," kijana aliniambia. "Karatasi ya daktari ya kuwaonyesha."

Nitarudi kwenye karatasi hiyo. Kwanza tuelewane ni kwa nini daktari achungulie jicho ili ajue habari za ubongo.

JICHO LI KARIBU NA UBONGO KULIKO UNAVYODHANI

Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga. Utando huu huitwa retina. Mtoto anapoumbwa tumboni mwa mama yake, retina huchipuka kutoka katika ubongo wenyewe. Hata baada ya kuzaliwa hubaki imeunganishwa nao kwa mshipa mnene wa fahamu. Kwa hiyo tunaposema kwamba retina ni kipande cha ubongo kilichotokeza nje, hatusemi kwa mfano tu.

Damu nayo hutoka njia moja. Ateri kubwa ya shingo inayopeleka damu katika ubongo ndiyo inayotoa tawi la kwenda katika jicho. Mishipa midogo ya retina na ile ya ubongo imejengwa kwa namna inayofanana, na yote miwili ina ukuta wa pekee unaochuja kwa ukali kile kinachoruhusiwa kupita. Linaloharibu mishipa ya upande mmoja mara nyingi huharibu ya upande wa pili.

Tofauti ni kwamba ubongo umefungiwa ndani ya fuvu. Ili kuiona mishipa yake yahitajika mitambo ya bei kubwa. Lakini retina tunaweza kuiona kupitia mboni, bila kisu na bila maumivu. Hakuna mahali pengine mwilini ambapo daktari anaweza kuitazama mishipa midogo ya damu kwa urahisi namna hiyo. Mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alitangaza kifaa cha kuangalia ndani ya jicho mwaka 1851. Na tangu 1939 madaktari wamekuwa wakitumia hatua nne zilizopangwa na Keith, Wagener na Barker nchini Marekani ili kupima jinsi presha ilivyoharibu mishipa ya macho.

KILIFI INALIJUA JAMBO HILI

Pengine utadhani haya ni mambo ya ng'ambo. La hasha. Kilifi yenyewe ina historia ya kusoma habari za ubongo kupitia jicho, ingawa ugonjwa uliohusika ulikuwa mwingine.

Mtoto anapopatwa na malaria ya ubongo, chembe za damu zenye vimelea hukwama ndani ya mishipa midogo na kuziba njia. Mtoto huzimia, na daktari hawezi kuona kinachotendeka kichwani. Katika miaka ya tisini, watafiti wakishirikiana na kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi walipiga picha za retina za watoto waliokuwa na malaria kali. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1997. Katika maradhi haya retina hupata mabaka meupe, mishipa yake hubadilika rangi, na damu huvuja.

Mwaka 2004 watafiti wa Malawi walitoa ushahidi wenye uzito zaidi. Walichunguza maiti za watoto 31 ambao madaktari walisema walikufa kwa malaria ya ubongo. Watoto 7 kati yao walikuwa wameuawa na jambo jingine kabisa. Dalili iliyowatenganisha vizuri zaidi, kabla ya kifo, ilikuwa zile alama za ndani ya jicho. Jicho lilikuwa limesema kweli pale ambapo dalili nyingine zilidanganya.

Ikiwa jicho linaweza kutoa habari za ubongo wa mtoto mwenye malaria, ni haki kuuliza kama linaweza kutoa habari za ubongo wa bibi yake pia.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Demensia ni jina la hali ambayo ubongo unaharibika polepole hadi mtu anashindwa kukumbuka, kufikiri na kujitunza. Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na hali hii, na zaidi ya nusu wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama yetu. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikuu. Umepewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906 baada ya kuuchunguza ubongo wa mama mmoja aliyekuwa mgonjwa wake.

Katika ugonjwa huu, protini inayoitwa amiloidi hujikusanya kati ya chembe za ubongo, na protini nyingine iitwayo tau hujisokota ndani ya chembe zenyewe. Jambo la kutisha ni kwamba uchafu huu huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya mtu kuanza kusahau. Aina ya pili ya demensia hutokana na mishipa ya damu iliyoziba au kuvuja kwa sababu ya presha, sukari na uvutaji wa sigara. Kwa wazee wengi, aina hizi mbili huishi pamoja katika kichwa kimoja.

Kuna wanaosema kwamba Waafrika hawapati ugonjwa huu. Ndugu zetu wa Tanzania waliwachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba zaidi ya wazee 6 katika kila 100 walikuwa na demensia. Hai ni wilaya ya vijiji na mashamba, kama Ganze ilivyo.

WATAALAMU WAMEONA NINI NDANI YA JICHO?

Nchini Marekani watu zaidi ya 12,000 wa umri wa makamo walifuatiliwa kwa muda wa miaka 20. Ripoti ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba wale waliokuwa na madhara ya wastani au makali katika mishipa ya retina walipungukiwa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri haraka zaidi kuliko wenzao.

Huko Singapore, mwaka 2014, wagonjwa wa Alzheimer walilinganishwa na watu wasio na ugonjwa huo. Vena za wagonjwa zilikuwa nyembamba zaidi, mishipa yao ilijipinda zaidi, na matawi yake yalikuwa machache. Mfikirie mwembe uliopogolewa mno, na matawi yaliyobaki yamekunjamana. Ndivyo picha zile zilivyokuwa.

Mwaka 2025 wanasayansi wa Jackson Laboratory, jimbo la Maine, Marekani, walieleza juu ya panya waliopewa badiliko la urithi ambalo binadamu wengi wanalo, na ambalo limehusishwa na hatari ya maradhi ya ubongo na ya mishipa. Panya hao walipofikisha umri wa miezi sita tu, mishipa ya retina yao ilikuwa imeanza kujipinda, na ateri zilikuwa zimekonda.

Ni lazima niwe mkweli kwako, msomaji. Matokeo hayakubaliani yote. Utafiti mkubwa wa mji wa Rotterdam, Uholanzi, uliotolewa mwaka 2011, ulikuta kwamba vena zilizopanuka ndizo zilizotangulia demensia, kinyume na zile zilizokonda za Singapore. Tena zilihusiana na demensia ya mishipa ya damu, wala si ile ya Alzheimer. Panya naye si binadamu. Hali ya mishipa ya jicho hutuambia kwamba kundi la watu fulani limo hatarini zaidi kuliko kundi jingine. Haituambii kwamba mama yako atapata Alzheimer au hatapata.

BASI NIKAPIMWE WAPI?

Hili ndilo swali ambalo nitaulizwa kesho asubuhi kliniki. Jibu ni kwamba hakuna kipimo cha macho kilichokubaliwa cha kutambua Alzheimer. Ukiona tangazo la mtu anayedai kwamba atapiga picha ya jicho lako na kukuambia utasahau lini, funga pochi yako. Wala usijaribu kuchungulia mboni ya mzazi wako kwa tochi ya simu. Hutaona kitu ila utamuumiza kwa mwanga.

Lakini usiharakishe kusema kwamba basi jicho halina faida. Kile ambacho jicho linaonyesha leo, bila ubishi wowote, ni madhara ya presha na ya kisukari. Haya mawili yanapimika, yanatibika, na yote mawili huongeza hatari ya demensia. Kwa hiyo daktari anapokuambia kwamba mishipa ya jicho lako imekonda, chukua habari hiyo kama mlio wa king'ora. Huenda moto bado uko jikoni, haujafika chumbani.

Presha si ugonjwa wa watu wachache. Dkt Wanjiku Mathenge na wenzake waliwapima watu wa miaka 50 na zaidi katika eneo la Nakuru mwaka 2007 na 2008. Walikuta kwamba karibu nusu yao walikuwa na presha. Katika kazi hiyo watu zaidi ya 4,400 walichunguzwa macho. Baadaye, huko huko Nakuru, Dkt Andrew Bastawrous na wenzake walijaribu kifaa kinachopachikwa juu ya simu ya mkononi ili kupiga picha za ndani ya jicho, na ripoti yao ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba picha hizo zilikaribia zile za kamera kubwa ya hospitali. Kwa hiyo hakuna sababu ya kusema kwamba uchunguzi wa retina ni wa watu wa mjini peke yao.

MVI SI USHAHIDI

Sasa turudi Vitengeni. Kwa miaka mingi wazee wa Kilifi wameuawa au kufukuzwa makwao kwa kusingiziwa uchawi. Mara nyingi anayelengwa ni yule mwenye mvi, na mara nyingi nyuma ya maneno hayo kuna shamba ambalo vijana hawataki kungoja kulirithi. Ndiyo sababu huko Kaya Godoma, katika eneo hilo hilo la Ganze, kukawekwa makao ya kuwahifadhi wazee waliokimbia kuuawa. Wala si Pwani tu. Mnamo Oktoba 2021, akina mama wazee wanne waliuawa na umati wa watu huko Marani, Kisii, kwa tuhuma hiyo hiyo.

Si kila mzee anayeshutumiwa ana demensia. Lakini hebu tazama jinsi dalili za ugonjwa huu zinavyofanana na yale ambayo watu husema juu ya mchawi. Mgonjwa hutembea usiku, kwa sababu ubongo wake umepoteza hesabu ya mchana na usiku. Huonekana katika boma lisilo lake, kwa sababu amesahau njia. Huongea peke yake na kuwataja waliokufa, kwa sababu kumbukumbu za zamani zimebaki wakati za jana zimefutika. Huwashutumu majirani kwa wizi, kwa sababu hakumbuki alikoweka kitu chake. Wengine huvua nguo mbele za watu. Hizi zote ni dalili ambazo daktari huziandika katika faili. Mtaani zinahesabiwa kuwa ushahidi.

Macho nayo yana hatari yake. Mzee aliyezibwa na mtoto wa jicho hawatambui watu, hasalimii, hukodoa macho na kupapasa ukuta usiku. Majirani husema anawaangalia vibaya. Kumbe haoni.

TOFAUTI YA UZEE NA UGONJWA

Kusahau kidogo ni kawaida ya uzee. Mzee akisahau alipoweka miwani kisha akakumbuka, hakuna tatizo. Mpeleke kwa daktari ukiona haya:

* Anauliza swali lile lile mara nyingi katika saa moja.
* Anapotea njia katika mahali anapopajua tangu utotoni.
* Anashindwa kazi aliyoifanya maisha yake yote, kama kupika wali wa nazi, kusuka ukili au kuhesabu chenji.
* Hajui mwezi wala mwaka, au anachanganya usiku na mchana.
* Tabia yake imebadilika, amekuwa mwenye hasira, hofu au shuku.

Na zingatia hili sana. Mabadiliko yaliyotokea ghafula, kwa siku moja au mbili, si demensia ya kawaida. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyopanda au kushuka, kiharusi, au damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tena si kila kusahau ni Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni kubwa, ulevi, virusi vya Ukimwi, kaswende, na hata baadhi ya dawa vyaweza kuvuruga kumbukumbu. Mengi ya haya yana tiba. Ndiyo sababu mimi hukasirika ninapoona mzee amezungushwa kwa waganga mwaka mzima kabla ya kupimwa damu.

UFANYE NINI?

Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la Lancet la Uingereza lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia. Lilisema kwamba karibu asilimia 45 ya visa vyote duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa ikiwa mambo hayo yangeshughulikiwa. Miongoni mwake ni presha, kisukari, kolesteroli mbaya, sigara, pombe nyingi, uziwi usiotibiwa, upweke, kuumia kichwa, na kupungukiwa na uwezo wa kuona.

Hili la mwisho halikuwamo katika orodha yao ya awali. Limeongezwa baada ya ushahidi kujikusanya. Kwa mfano, utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba wazee waliotolewa mtoto wa jicho walikuwa na hatari ya demensia iliyopungua kwa karibu asilimia 30 kuliko wale ambao hawakupasuliwa. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba upasuaji ndio uliowakinga. Hata hivyo, kumrudishia mzee macho yake ni jambo jema hata kama lisingekuwa na faida nyingine.

Basi wewe uliye mjini, fanya haya:

* Jipime presha wewe mwenyewe. Madhara yanayoonekana katika umri wa miaka 70 huanza katika miaka ya 40. Lenga presha iwe chini ya 140 juu ya 90, au chini zaidi daktari akikushauri hivyo.
* Mpime mzazi presha na sukari unapoenda nyumbani. Akiandikiwa dawa, anunuliwe za mwezi mzima, si za wiki. Dawa ya presha haiachwi kwa sababu kichwa kimeacha kuuma.
* Mwenye kisukari achunguzwe ndani ya macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.
* Mpunguzieni chumvi. Tembo la mnazi la kila jioni na sigara viachwe.
* Asiachwe peke yake kutwa nzima. Mazungumzo, kazi nyepesi na kutembea humsaidia.

Dawa za kuponya Alzheimer hazipo. Tangu 2023 Marekani imeidhinisha dawa za kudungwa ambazo hupunguza amiloidi na kuchelewesha ugonjwa kwa kiasi kidogo, kwa wale walio katika hatua za mwanzo. Ni ghali mno, na zinahitaji kupigwa picha za ubongo mara kwa mara. Kwa familia nyingi za hapa kwetu, tembe ya presha ya kila siku ndiyo dawa ya ubongo iliyo karibu.

ILE KARATASI

Je, yule mama wa Vitengeni ana Alzheimer? Kwa kutazama jicho peke yake nisingeweza kusema, wala sikusema. Nilimpima damu, nikamwanzishia dawa za presha, nikamwandikia barua ya kwenda kutolewa mtoto wa jicho, na nikampa siku ya kurudi.

Kisha nikamwita ndani, nikamwomba ruhusa. Siri ya mgonjwa ni mali yake, hata kama anasahau. Nilimweleza kwamba mwanawe anataka niandike habari za ugonjwa wake. Alifikiri, kisha akasema, "Andika, mwanangu. Mimi sina la kuficha." Niliandika kwa Kiswahili, si kwa lugha ya madaktari, kwamba mama huyu ana presha ya miaka mingi, ana mtoto wa jicho, na ana dalili za ugonjwa wa ubongo unaomfanya asahau na kupotea. Niliongeza kwamba ni mgonjwa anayetibiwa, na asiachwe atembee peke yake usiku. Nikapiga muhuri. Kijana aliikunja akaitia katika mfuko wa shati, akasema ataanzia kwa naibu wa chifu.

Waliporudi baada ya miezi mitatu, presha ilikuwa 146 juu ya 88. Jicho la kulia lilikuwa limepasuliwa, na mama alisema anaziona kuku zake. Mke wa mwanawe sasa hulala naye chumba kimoja, na mlango hufungwa kwa komeo la juu. Yule jirani alikuwa ameisoma karatasi. Hakuomba radhi, lakini mtoto wake alipona, na maneno yakapoa. Kijana hakuniambia kwamba yamekwisha.

Mama alinitazama kwa jicho lake jipya, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamjibu.

Msomaji, mwisho wa mwezi huu utakapotuma pesa nyumbani, usiulize tu kama zimefika. Uliza kama mama amepimwa presha. Uliza kama anaona. Na ndugu yako akikuambia kwa sauti ya chini kwamba mama amebadilika, usingoje hadi Krismasi. Panda gari.